Bastola ya Mzee Saif na Nusu ya Kanga

Vijana watatu mliokuja kushika nafasi yangu mmenikuta na madaftari manne, kopo la mafuta ya cherahani, kioo cha kukuzia maandishi, na ufito wa shaba ulionyooka kama mtu mkweli. Mmoja wenu aliniuliza ufito ule ni wa kuchapia nani. Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nikaona nisipoandika, mwakani mtautumia kuchokolea moto. Nimestaafu wiki iliyopita, mikono yangu haina kazi, na mke wangu Zuwena ameshachoka kuniona jikoni. Kwa hiyo naandika. Habari za mshahara sitaziandika maana hazijazi hata ukurasa mmoja, na za vyeo pia sitaziandika maana niliingia karani na nimetoka karani.

Kabla ya kuja Maskati niliandika leseni za bunduki Unguja kwa miaka ishirini na mbili. Sheria ya kule niliijua usingizini. Bunduki ina nambari, nambari ina jina, jina lina nyumba, na ndani ya nyumba silaha ina sanduku lenye kufuli. Mwenye leseni akitaka kuipeleka shamba kupigia nguruwe, basi huifunga katika nguo na kuipitisha mjini kimya kimya. Bastola ikionekana kiunoni mwa mtu barabarani, huyo mtu anakamatwa, na karani aliyemwandikia naye anaitwa kujieleza. Kwa ufupi, kwetu silaha ilikuwa kitu cha kufichwa, na mtu mstaarabu ni yule ambaye jirani yake hajui kama anayo.

Mwaka 1964 tuliondoka, mimi, Zuwena na binti yetu Salma, na masanduku mawili. Namna tulivyoondoka sitaieleza. Kila nyumba iliyotoka Unguja ina hadithi yake, na zote zinafanana kwa machozi. Maskati tulipokelewa na jamaa wa mbali aliyekuwa na vyumba vya makuti Darsait, akatupa kimoja. Tulipewa karatasi ya ruhusa ya kukaa, na karatasi ile niliitunza kuliko macho yangu, kwa sababu wenzetu wengi walinyimwa.

Kazi niliipata kwa sababu ya kusoma. Pale Lango Kubwa la mji palikuwa na askari waliojua bunduki kuliko wanavyojua watoto wao, ila nambari na herufi zilizochongwa juu ya chuma zilikuwa za Kizungu, na hapakuwa na wa kuzisoma. Mkubwa mmoja akasema aletwe yule Zinjibari wa Darsait. Nikaletwa, nikasoma nambari tatu, nikaambiwa nikae.

Siku ya kwanza nusura nikimbie. Kila mwanamume aliyepita alikuwa na bunduki begani na mkanda wa risasi kifuani. Mtu akienda kununua samaki, anayo. Akienda kusali, anaiegemeza ukuta wa msikiti kama sisi tunavyoacha makubadhi. Wakati huohuo ilikuwa marufuku kuvuta sigara barabarani. Nilimwona mzee mmoja mwenye bunduki mgongoni, jambia kiunoni na bastola ubavuni, akikemewa na askari kwa sababu ya kipande cha sigara. Mzee akaizima haraka, kwa aibu, kama mtu aliyekutwa na kitu cha hatari.

Sheria za langoni zilikuwa hazijaandikwa popote, lakini wote walizijua isipokuwa mimi. Wenyeji wa mji walipita na silaha zao. Wageni kutoka bara ya Omani waliacha bunduki kwetu na kuzichukua wakiondoka. Bastola zilikuwa na hukumu yake. Hizo zilikuwa za wazee na watu wazima wa kabila, sehemu ya vazi, na kumvua mzee bastola ilikuwa sawa na kumvua kilemba. Basi waliingia nazo, lakini tupu, risasi zikibaki kwetu.

Aliyenifunza kazi alikuwa Jamadari Shambe, Mbaluchi mwenye ndevu za hina na goti moja lisilokunjika. Alikuwa mkubwa wa walinzi wa lango. Hakujua kusoma hata jina lake, na yote ninayoyajua juu ya kupokea silaha nimeyapata kwake. Siku ile ya kwanza nilimwuliza mgeni mmoja kama bunduki yake imejaa. Yule bwana alirudi nyuma hatua mbili na kunitazama kama nimemtukana mama yake. Jamadari alinisogeza kando kwa kiwiko, akapokea bunduki kwa mikono miwili, akaielekeza mtutu chini mbali na miguu ya mwenyewe, akauliza taratibu, "Imekula?" Mgeni akatabasamu, akasema imekula moja asubuhi, akaitoa risasi mwenyewe. Baadaye Jamadari alinieleza kwamba kumwuliza mtu kama bunduki yake imejaa ni kumwambia unamwogopa, na mtu anayeogopwa langoni huingia mjini na moyo mbaya.

Kosa la pili nililifanya wiki hiyohiyo. Bunduki zilitundikwa ukutani ovyo, kwa macho yangu, nami nikazipanga upya kwa nambari, ndogo kushoto, kubwa kulia, nikajiona nimeleta maendeleo. Jamadari aliingia, akautazama ukuta kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaanza kuzihamisha moja moja, goti lake likilia. Kumbe zilikuwa zimepangwa kwa makabila, na mimi nilikuwa nimezitundika bega kwa bega bunduki za watu ambao baba zao walikuwa wameuana. Nilimsaidia kuhamisha, na tangu siku hiyo daftari langu lilikuwa na nambari na pia kabila.

Sasa huo ufito. Ni wa kuingizia mtutuni kabla ya kutundika, kuhakikisha hakuna kitu. Msiuache. Nimetoa nyigu, nimetoa kokwa za tende, na mara moja nilitoa hirizi iliyokunjwa vizuri katika ngozi. Mwenyewe akasema ni ya kumlinda. Nikamwambia akiifyatua hivyo, hirizi itamlinda aliye mbele, na yeye bunduki itampasukia usoni. Alifikiri kidogo akaivaa shingoni.

Mwaka wa pili wa kazi ndio ulioniletea mtihani wangu, na kwa kweli ndio sababu hasa ya kuandika haya.

Asubuhi ya Jumanne alifika mzee mrefu kutoka Ibra, Saif bin Hamdan, amefuatana na punda na gunia la ndimu kavu. Bunduki hakuwa nayo. Alikuwa na bastola ya zamani ya gurudumu la risasi, yenye mpini wa pembe, ya marehemu kaka yake. Nilipoanza kumsalimia kwa Kiarabu changu cha kusukumwa alinisikiliza, akainamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili safi, "Wewe wa Unguja. Nnakusikia mpaka vitumbua."

Alikuwa amekaa Wete miaka kumi, ujanani, katika karafuu. Nami nilikuwa sijasikia mtu mgeni akinisemesha lugha yangu tangu nifike. Moyo ulinifunguka. Nikamkalisha, nikamtilia kahawa, tukaitaja mitaa, tukawataja watu, tukacheka. Akaniambia amekuja kumwoza mjukuu wake, Thuraya. Baba wa binti amekufa, babu ndiye walii wake, na hakuna mwingine wa kumwoza. Nikaha ni Alhamisi baada ya alasiri, nyumbani kwa mama yake binti, humo ndani ya mji. Bastola ataivaa siku hiyo, kama alivyoivaa kaka yake kila alipooza binti.

Nilizitoa risasi sita, nikazitia katika kopo, nikaandika nambari, nikampa risiti. Bastola ilikuwa tupu na halali kupita. Hapo ndipo mapenzi yaliponipumbaza. Mtu ninayempenda humhudumia kama ndugu, na ndugu humpa sheria ya nyumbani. Nilimwambia, "Babu, usiitoe nje namna hii mjini, utawatisha watu. Ngoja nikufungie." Chakula changu cha mchana Zuwena alikuwa amekifunga katika nusu ya kanga kuukuu. Nikakitoa chakula, nikaifunga bastola kwa ile nusu ya kanga, mafundo mawili ya karani, nikamtilia mwenyewe ndani ya kanzu, ubavuni. Mzee naye kwa mawazo alikuwa amerudi Wete ya miaka arubaini nyuma, akaona sawa. Tuliagana kwa kukumbatiana. Jamadari hakuwapo, alikuwa amekwenda kulionyesha goti lake kwa mganga.

Alasiri habari zikafika. Askari wa sokoni walimwona mzee akiinama kufunga gunia, kitu kikatokeza chini ya kanzu. Wakampekua. Wakakuta bastola iliyofichwa, imefungwa katika nguo yenye herufi za Kizungu. Mnanielewa? Maskati, bastola ya wazi ni heshima. Bastola iliyofichwa ni ya mtu anayekwenda kuua. Na ile nguo ndiyo iliyomaliza mambo, kwa sababu askari wale hawajaona kanga maishani mwao, wakadhani maandishi yale ni amri kutoka kwa adui. Walimpitisha katikati ya soko, kiuno kitupu, mikono nyuma, mpaka ngomeni. Risiti yangu walimkuta nayo, lakini wakasema mtu mwenye njama hakosi karatasi.

Jamadari aliporudi nikamweleza yote. Alikaa juu ya sanduku, akaunyoosha mguu wake mbovu. Aliniambia Liwali wa mji atasikiliza kesi kesho asubuhi, na kama hakuna wa kumtetea, mzee atakaa ngomeni mpaka habari zitumwe Ibra zirudi, nazo zinakwenda kwa miguu. Bastola itachukuliwa. Nikaha haitakuwapo. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa ninaliogopa kulisema mwenyewe, kwamba nikienda kukiri nimefunga silaha ile kwa siri, huenda kesho yake karatasi yangu ya kukaa ikafutwa. "Sikwambii uende," akasema, "wala sikwambii usiende. Nakwambia bei."

Nilitembea mpaka Darsait kichwa kikiniuma. Nilikuwa ninaogopa, na sioni haya kuandika hivyo. Nilimwogopea Salma, nilimwogopea Zuwena, na Unguja hatukuwa na pa kurudi. Nilimweleza Zuwena huku anakanda unga. Nilitumaini, Mungu anisamehe, kwamba atanizuia. Aliendelea kukanda mpaka nikamaliza.

"Yule mzee ana siku mbili," akasema. "Sisi tuna miguu. Tukifukuzwa tutatembea."

Kisha akaniuliza bastola niliifunga kwa nguo gani. Nikamwambia ile ya chakula. Akalifunua beseni la unga, akainyanyua nguo iliyokuwa imefunika, akaitikisa. Ilikuwa nusu ya pili ya kanga ileile. Alikuwa ameichana mwenyewe alipoona imechakaa, nusu ya kufungia chakula changu, nusu ya kufunikia unga. Tukatazamana. Sikumbuki kama nilicheka au nililia.

Asubuhi ya Jumatano Jamadari alinisubiri langoni na jambia lake mkononi. Alisema mtu asiye na silaha kiunoni hukaa nyuma kabisa barazani, na anayekaa nyuma husikilizwa baada ya chakula. Akanifunga mkanda. Nilikuwa sijavaa silaha maisha yangu yote, mimi niliyeandika leseni za mamia ya watu. Jambia lilinikaa juu ya tumbo, zito, nikawa natembea kama mjamzito. Askari wenzake walinipisha kwa adabu na nadhani walikuwa wanauma midomo.

Mzee Saif alikuwa ameketi chini, mguu mmoja kwenye mnyororo. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma kijana aliyejiingiza matatani, na hilo liliniumiza zaidi. Mbele ya Liwali palikuwa na bastola na ile nusu ya kanga. Liwali alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye tasbihi ya kaharabu. Aliuliza nani anamjua mtu huyu.

Nilisimama. Nikasema jina langu, Nassor, kazi yangu, na kwamba aliyeificha bastola ni mimi. Nikaweka kopo juu ya zulia, nikalifungua, nikazimwaga risasi sita. Nikafungua daftari nikasoma nambari, na karani wake akaisoma ile iliyo kwenye chuma kwa kioo changu. Zikalingana.

"Kwa nini umfungie?" akauliza Liwali.

"Kwetu Unguja bastola ikionekana, mwenyewe hufungwa. Nilimpa sheria ya kwetu."

"Na hapa ikifichwa, mwenyewe hufungwa." Alizungusha tasbihi kidogo. "Umemfunga mara mbili."

Akainyanyua kanga kwa ncha za vidole, akauliza maandishi yanasemaje. Nikamwambia ni nguo ya wanawake wa kwetu, kila moja ina msemo wake. Hii ina nusu tu, inasema *Mgeni njoo*. Barazani watu wakatazamana. Nilisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyo, yakiwa peke yake, juu ya bastola. Mtu mmoja karibu na ukuta akasema huo ndio mwaliko wenyewe, na mgeni anayealikwa ndiye muuaji. Liwali akaniambia mtu yeyote anaweza kuja na hadithi ya nguo. Ninaithibitishaje yangu?

Nilimtazama Jamadari. Alichechemea mpaka mlangoni. Zuwena alikuwa nje na punda wa jamaa yetu, amekuja kutoka Darsait tangu alfajiri, maana hakuniamini kuibeba mwenyewe bila kuipoteza. Jamadari alirudi na ile nusu ya pili, akaitandika juu ya zulia karibu na ya kwanza, akazisogeza. Uzi kwa uzi, ua kwa ua, mpasuko ukaingia katika mpasuko. Unga ulimwagika juu ya zulia la Liwali. Nikasoma yote kwa sauti, nikaeleza kwa Kiarabu: *Mgeni njoo, mwenyeji apone.*

Liwali alitazama unga, akanitazama mimi, akamtazama mzee mwenye mnyororo.

"Huyu mgeni wa kanga yako," akasema, "amekuja, na mwenyeji ametiwa mnyororo."

Kisha akacheka, na Liwali akicheka baraza zima lina ruhusa. Nilisikia kicheko kikienda kwa askari, kikatoka nje mpaka kwa Zuwena, ambaye hakujua kinachochekwa lakini aliniambia baadaye kwamba naye alicheka.

Mnyororo ulifunguliwa. Mimi nilihukumiwa, na hukumu yangu ilikuwa hii. Niandike sheria za silaha kwa herufi kubwa za Kiarabu, zitundikwe langoni, mgeni asizikose: silaha ipite wazi, ipite tupu, ipite na nambari. Na kila bastola itakayoingia mjini tupu ifungwe mpinini kipande cha nguo kinachoonekana, ili askari wa sokoni ajue risasi ziko kwa karani. Nguo itoke nyumbani kwangu mpaka serikali itakapoleta yake. Karatasi yangu ya kukaa haikutajwa hata kidogo.

Nilidhani yameisha, lakini Mzee Saif hakuinuka. Alisema alipitishwa sokoni kiuno kitupu mbele ya watu, na hawezi kwenda kumwoza binti kwa mlango wa nyuma. Anaomba arudi kwa njia ileile. Liwali akamkabidhi bastola kwa mkono wake. Mzee akaivaa mbele, wazi, na kwenye mpini akaifunga nusu ya kanga, ile ya *Mgeni njoo*, ikining'inia mpaka pajani.

Tulipita sokoni saa nne ya mchana. Mbele Mzee Saif, nguo ya maua mekundu ikipepea kiunoni mwake. Nyuma yake Jamadari na goti lake. Nyuma yake mimi na jambia la watu juu ya tumbo. Wenye maduka waliosimama jana kumtazama walisimama tena leo. Muuza halua akamsalimia kwa jina. Askari waliomkamata walimpa mkono mmoja baada ya mwingine, naye akawauliza hali za watoto wao. Nimefanya kazi miaka ishirini na minane kwa jumla, huku na kule, na kama kuna siku moja niliyotembea kichwa juu ni ile.

Alhamisi baada ya alasiri alimwoza Thuraya. Nilikuwapo. Bastola ilikuwa tupu, kanga ilikuwa mpinini, na kina mama ndani walipiga vigelegele mpaka nikadhani niko mtaani Malindi, Unguja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kuliko serikali. Wazee wa bara waliona kitambaa mpinini mwa mtu aliyetoka mbele ya Liwali, wakakichukua kuwa ni heshima. Kila mmoja alitaka chake, na wengine walichagua rangi. Nguo ya serikali ilichelewa miezi saba. Zuwena alichana kanga za kulalia, kisha za kutokea, kisha akaanza kunificha alizobakiwa nazo. Aliniambia kwamba nusu ya makabila ya Omani yanatembea na nguo zake na yeye hana ya kwendea arusini. Katika miaka iliyobaki hatukupata tena kesi ya bastola iliyofichwa langoni petu, na ninasema hilo kwa majivuno kwa sababu ni langu.

Mwaka huu, kama mjuavyo, ameingia Sultani mpya na mambo yamebadilika. Lango halifungwi tena, wenzetu wanarudi kutoka kila upande, na leseni za silaha zitaandikwa ofisini, na nyinyi, kwa mashine. Ni vizuri. Jamadari alifariki mwaka jana na hakuyaona haya. Nilimtundikia bunduki yake mwenyewe ukutani, mahali pa kabila lake.

Siku yangu ya mwisho, tulipokuwa tukihesabu vitu vya kuwakabidhi, mlimwona mzee akishuka garini taratibu, amevaa bastola mbele. Mmoja wenu alimwambia kwa upole kwamba siku hizi hakuna haja ya kuacha risasi. Mzee Saif alimpita. Akaja mpaka mezani kwangu, akaitoa bastola, akaielekeza mtutu chini.

Nikamwuliza, "Imekula, babu?"

"Imekula sita," akasema. "Nnaziacha kwa karani wangu."

Nikaziandika. Hiyo ndiyo mistari ya mwisho ya daftari la nne, msiifute. Alipokaa, aliifungua ile nusu ya kanga kutoka mpinini, imefifia, maandishi yanasomeka kwa anayeyajua tu. Akaikunja akanitilia mkononi.

"Siku ile Liwali alitucheka," akasema. "Alidhani mwenyeji ni mimi niliyefungwa, na mgeni ndiye aliyenifunga. Na kweli. Lakini mgeni huyohuyo alikuja barazani na karatasi yake ya kukaa ikiwa mikononi mwa watu. Wenyeji wangapi walikuwa wamekaa pale, na nani alisimama? Mgeni alikuja, Nassor. Na mimi nimepona. Thuraya ana watoto wawili."

Niliinamia daftari, mkaniona, mkajifanya mnatafuta kalamu. Nawashukuru kwa hilo.

Jioni ile nilimpelekea Zuwena. Yeye nusu yake alikuwa ameifua na kuiweka chini ya sanduku, hakupata kufunikia unga tena. Akazitandika zote mbili kitandani, moja imefifia kwa jua la Omani, nyingine nzima, akachukua sindano na uzi mweusi akaanza kuzishona. Mpasuko ulionekana kabisa, katikati ya maneno. Nilimwambia aukunjie mshono ndani, usionekane.

Akasimamisha sindano, akanitazama juu ya miwani.

"Baba Salma," akasema, "miaka sita langoni, na bado wataka kuficha?"